Safari Yetu ya Kwanza ya Skii na Watoto: Tuliyoyapanga na Ahadi Tuliyoivunja



Majirani walipoona picha za watoto wetu wamevaa makoti yaliyovimba kama magodoro, swali la kwanza lilikuwa bei. La pili likawa: mtu wa Unguja anafuata nini kwenye barafu? Tumelijibu barazani na harusini, na leo tunalijibu kwa kirefu, kwa sababu baadhi yenu mmeuliza kwa nia ya kweli ya kwenda. Tunaandika wawili, mke na mume, ingawa anayechapa ni mke, na mume amekaa pembeni akisahihisha.

Tutakuelezeni tulivyopanga, na tutakuelezeni pia tulipokosea. Hatukukosea kwenye hesabu wala kwenye viza. Tulikosea kwenye amana.

Watoto wetu ni watatu. Wawili, wa miaka 7 na 4, tumewazaa pamoja. Mkubwa, binti wa miaka 11, ni wa mume kwa ndoa yake ya mwanzo. Anaishi kwa mama yake, na kwetu huja Ijumaa na wakati wa likizo. Safari hii ilikuwa ya kwanza kwetu sote watano kulala chini ya dari moja kwa zaidi ya siku mbili.

Wazo lilianza na yeye. Chuoni alikuwa amehifadhi ile dua ya kufungulia sala ambayo ndani yake tunamwomba Allah atuoshe makosa yetu kwa maji, theluji na barafu. Akamuuliza baba yake theluji ikoje. Baba alijua, kwani alisoma chuo kikuu Bursa, Uturuki, kwa ufadhili, na mara mbili tatu alipanda mlima Uludağ na wanafunzi wenzake kuteleza kwa skii. Akamweleza. Binti akasema, "Basi twende tukaione." Ikatuchukua miaka miwili ya kucheza upatu.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, umra ilitangulia. Hatuziweki safari mbili hizi kwenye mizani moja.

Ruhusa kwanza, tiketi baadaye

Kabla ya viza, kabla ya tiketi, kabla hata ya kumwambia binti kwamba safari ipo, tulikwenda kwa mama yake. Tulikwenda wote wawili, baada ya alasiri, tukakaribishwa barazani na kuletewa chai.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu hata baiskeli hapandi. Mkinirejeshea mguu umevunjika, mtaniambia nini?"

"Kutakuwa na mwalimu," baba akamjibu. "Hapandishwi popote mpaka mwalimu aseme yuko tayari."

"Mwalimu, si wewe."

"Mwalimu, si mimi."

Akamgeukia mke. "Na wewe, dada, utasimamia hilo?"

"Inshaallah nitasimamia."

Akakubali, na siku chache baadaye akatia saini barua ya idhini. Mabiharusi mnaoolewa kwa mume mwenye watoto, liwekeni hili akilini: mtoto anaposafiri na mzazi mmoja, uhamiaji au ubalozi unaweza kudai idhini ya mzazi mwengine. Lakini hata pasipodaiwa karatasi, haki ya mama haiondoki. Kwenda kwake mapema kulituepusha na mengi.

Kwa nini Uludağ, na kwa nini Januari

Tulifikiria nchi nyingi. Tuliichagua Uturuki kwa sababu nne. Ya kwanza, chakula: hatukutaka kuwa na watoto watatu wenye njaa huku tunasoma maandishi madogo kwenye kila kopo. Ya pili, misikiti. Ya tatu, baba anaijua lugha. Ya nne, kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja hadi Istanbul, na saa zao ni sawasawa na zetu, basi mtoto wa miaka 4 hapotezi mpangilio wa usingizi.

Uludağ una urefu wa mita 2,543, chini ya nusu ya Kilimanjaro, na unauona ukiwa umesimama mjini Bursa. Kutoka mjini kuna gari la waya linalopanda karibu kilomita 9 hadi kwenye eneo la hoteli. Msimu wa theluji kwa kawaida huanza mwishoni mwa Disemba na kwenda hadi Machi.

Kuhusu tarehe, tulijifunza kwamba kuna wiki mbili za kukimbia. Wiki ya mwaka mpya hoteli hujaa, bei hupanda, na nyingine hufanya sherehe zisizotufaa. Halafu mwishoni mwa Januari skuli za Uturuki hufunga kwa wiki mbili, na familia zote za Istanbul huelekea milimani. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo, mwanzo wa Januari, ambayo iliangukia kabla skuli zetu hazijafunguliwa. Hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Hoteli tulizipigia simu, hatukutosheka na picha. Tuliuliza mambo matano: je, kuna mescit, yaani chumba cha kusalia? Je, pombe inauzwa kwenye ukumbi uleule wanaokula watoto? (Msidhani kwamba kwa kuwa ni nchi ya Waislamu basi jibu ni hapana.) Je, kuna mwalimu mwanamke? Je, uwanja wa wanaoanza uko mbali kiasi gani na mlango? Na la tano: ngazi za kutokea wakati wa moto ziko wapi?

Swali la tano lina sababu yake. Tarehe 21 Januari 2025 moto uliwaka kwenye hoteli moja ya skii huko Kartalkaya, mkoa wa Bolu, na watu 78 wakafariki, wengi wao familia zilizokwenda likizo ya skuli. Allah awarehemu. Tulipofika hotelini, kabla ya kufungua mabegi, tulitembea na watoto kutoka chumbani hadi nje kwa ngazi, mara mbili. Ilituchukua dakika kumi. Fanyeni hivyo popote mnapolala.

Jambo jengine ni bima. Bima nyingi za safari haziuhesabu mchezo wa skii, mpaka uombe iongezwe. Someni kabla ya kulipa.

Nguo na hijabu mlimani

Hapa ndipo tulipookoa pesa nyingi. Makoti ya skii yapo mitumbani. Huwa yamelala chini ya rundo, kwa sababu nani atayavaa kwa joto letu? Tulipita Darajani Jumamosi nne mfululizo, tukapata makoti matano na suruali tatu. Mwenye meza alitucheka, kisha akatupunguzia bei.

Skii zenyewe, buti na helmeti msinunue. Vinakodishwa kulekule. Kwa anayeanza, skii fupi ndiyo inayotiika. Iwe kati ya kifua na kidevu. Buti zibane kifundo cha mguu, na vidole viguse mbele kwa mbali. Soksi ni jozi moja tu, ndefu na nzito kiasi. Sisi siku ya kwanza tuliwavisha watoto jozi mbili mbili kwa kuogopa baridi. Damu ikakosa pa kupita, na miguu ikazidi kuwa baridi.

Nguo za ndani zisiwe za pamba. Pamba hunywa jasho, kisha jasho linapoa mwilini. Vaeni sufu nyepesi au kitambaa cha michezo, juu yake sweta, juu yake koti.

Sasa hijabu, ambayo wengi mmeiuliza. Mtandio wa kuning'inia hauna nafasi pale. Unaweza kunaswa kwenye kiti cha kupandia. Pini nazo ni hatari ndani ya helmeti. Kilichotufaa ni kofia laini ya kitambaa chembamba inayofunika kichwa na shingo na kuacha uso tu, ambayo karibu kila mtu mlimani, mwanamume na mwanamke, huivaa kwa baridi. Juu yake helmeti, juu yake miwani ya theluji. Koti tulilichukua la mwanamume, kubwa kwa saizi mbili, likafika karibu na magoti. Suruali za skii zenyewe ni pana. Na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegeuka kututazama, kwa sababu wote tulifanana, sura za mizigo.

Sala na baridi

Tulimuuliza shekhe wetu kabla ya kuondoka. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili. Sisi tulipanga siku mbili Bursa, tatu mlimani, mbili tena Bursa, basi tulipata ruhusa ya msafiri, ya kufupisha na kukusanya.

Mwezi huo alfajiri huingia karibu saa moja asubuhi, na jua huchomoza kama saa mbili na nusu. Watoto walisali wameshaamka vizuri, jambo ambalo nyumbani ni vita. Adhuhuri ni saa saba na kidogo, alasiri kama saa tisa na nusu, na kabla ya saa kumi na mbili jioni ni magharibi. Mchana ni mfupi. Tulipanga masomo ya skii kuanzia saa nne hadi saa sita, kisha chakula, sala, na kupumzika. Masaa mawili yanamtosha mtoto anayeanza. Yakizidi, kinachofuata ni kilio.

Udhu tuliuchukua chumbani kwa maji ya moto. Kuna pia ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, siku tatu kwa msafiri na siku moja kwa mkaazi, lakini ina masharti yake, na soksi nyepesi zina maelezo yake. Muulizeni mwalimu wenu kabla ya safari, si mkiwa mmeshasimama kwenye maji baridi.

Kuizoea theluji

Tulitua Istanbul tukiwa na tiketi za boti ya kuvuka Bahari ya Marmara kwenda upande wa Bursa. Watu wa visiwa, tukaona hili letu. Boti ikafutwa. Kule kuna upepo unaoitwa lodos, unaotoka kusini. Ukivuma, boti hazitoki, na hata gari la waya la mlimani husimama. Tukacheka: kusi la nyumbani tumelikuta huku. Tukapanda basi kupitia daraja la Osmangazi. Funzo: kila kipande cha safari kiwe na njia ya pili. Kwa mlimani njia ya pili ni basi dogo la barabarani, na likiwa halina minyororo ya magurudumu siku ya theluji, msipande.

Siku mbili za mwanzo tulikaa mjini, tuzoee baridi. Tulisali Ulu Cami, msikiti mkubwa wa mwishoni mwa karne ya 14 wenye kuba 20, ambao ndani yake, katikati, kuna birika la kutawadhia. Watoto walikaa pale wakisikiliza maji. Mabiharusi, karibu yake kuna Koza Han, soko la hariri la mwaka 1491. Mitandio ya huko, wekeni bajeti yake pembeni, au msiingie.

Siku ya pili upepo ulitulia, tukapanda kwa gari la waya mpaka Sarıalan, bila skii, tukacheze tu. Ndipo watoto walipoigusa theluji kwa mara ya kwanza. Wadogo wawili waliila. Binti alivua glovu, akachukua konzi moja, akaitazama ikiyeyuka kiganjani mpaka ikaisha. "Thalj," akasema, kama alivyosoma chuoni. Kisha akasema mkono unamuuma, akarejesha glovu.

Tunawashauri msiirukie hatua hii. Mtoto aliyekwisha kuanguka kwenye theluji kwa kucheza haogopi sana kuanguka akiwa na skii.

Siku ya pili mlimani

Mwalimu wetu alikuwa dada mpole aliyesema Kiingereza kidogo na Kituruki kingi. Aliwafundisha watoto kwa vyakula. Skii zikikaa sambamba ni chipsi: unakwenda. Ukizikutanisha ncha za mbele na kuzitanua nyuma, ni kipande cha pizza: unapunguza mwendo, unasimama. Hakuwapa fimbo, wanaoanza hawazihitaji. Kupanda walipanda kwa mkanda unaotembea chini, kama ule wa mizigo ya uwanja wa ndege.

Wa miaka 7 aliielewa pizza kwa nusu saa. Wa miaka 4 alifanya somo fupi, akapelekwa chumba cha kuchezea. Binti aliweza kusimama, aliweza kushuka polepole, lakini kila akiona mwendo unazidi, alikaa chini. Mwisho wa somo la siku ya pili mwalimu alituambia wazi: kijana anaweza kujaribu mteremko mwepesi wa juu. Dada yake, mpeni siku moja zaidi hapa chini.

Tulimwelewa. Hakuna neno lililopotea katika tafsiri.

Mchana ule jua lilitoka. Baba akasema, "Twende sote juu mara moja. Tupige picha ya familia, tushuke taratibu." Alisema "mara moja", na mke hakusema "hapana". Tusiifiche hii nusu ya pili. Mke aliitaka picha ile. Alitaka picha moja ambayo ndani yake binti yule yuko katikati, na mtu akiitazama asijue nani ni wa nani. Binti alipoulizwa alisema "sawa", na sisi tukaichukua "sawa" ya mtoto wa miaka 11 ambaye huja kwetu Ijumaa kama ni ridhaa.

Kiti cha kupandia kilitupeleka. Kushuka kwenye kiti, akaanguka. Tukamwinua. Akatazama chini, na kwa mtu mzima ule ni mteremko mwepesi, lakini yeye aliona kisima. Akakaa. Akavua skii moja, kisha ya pili. Hakulia. Tulimbembeleza, tukamwonyesha pizza, tukamwambia ndugu yake mdogo anaweza, jambo ambalo hatukupaswa kulisema. Ukungu ukaanza kuingia. Alikuwa anatetemeka, na hatukuweza kujua kama ni baridi au khofu.

Mwisho mhudumu wa viti alitoka kibandani, akatutazama, akasimamisha mtambo, akamkalisha binti na mke kwenye kiti kinachorudi chini. Baba akashuka na kijana. Picha haikupigwa.

Kwenye kiti kile, miguu inaning'inia juu ya misonobari, binti alisema neno la kwanza baada ya muda mrefu. "Usimwambie mama. Atanikataza kuja kwenu."

Simu

Tulilizungumza usiku, watoto wamelala. Njia nyepesi ilikuwa wazi. Hakuumia. Mama yake yuko mbali. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba siri. Na tukisema, pengine hatutapewa tena.

Lakini tulijua tukinyamaza tutakuwa tumemfundisha nini. Tutakuwa tumemwambia kwamba kuja kwetu kunalindwa kwa kumficha mama yake mambo. Leo theluji, kesho sijui nini. Na ahadi ile hatukuitoa barabarani. Tuliitoa tumekaa barazani kwake, tunakunywa chai yake.

Asubuhi tulimwambia binti kwanza. "Tutampigia mama, sisi wenyewe tutasema. Kosa ni letu, si lako." Alikasirika. Alitugeuzia mgongo, na hatukumlaumu.

Baba ndiye aliyesema. "Nilikuahidi hapandi mpaka mwalimu aseme. Mwalimu alisema bado. Nikampandisha. Aliogopa sana, akateremshwa kwa kiti. Yuko salama. Nimevunja ahadi yangu, nisamehe."

Mke akaongeza, "Na mimi nilikuwepo, sikumzuia. Nisamehe, dada."

Upande wa pili kimya. Tulisikia jogoo, tukasikia mtu anapita na baiskeli anapiga kengele.

"Amekula?"

"Amekula."

"Mpeni simu."

Walizungumza muda mrefu, wenyewe, sisi tumetoka nje ya chumba. Simu iliporudi kwetu alisema mambo mawili tu. La kwanza: "Leo mwacheni acheze chini. Na nyie mkae naye." La pili, baada ya kusita: "Ahsanteni kwa kuniambia."

Siku ile ya tatu tulikuwa tumeshalipia kadi za kupanda viti, za siku nzima, watu wanne. Hazikutumika. Wote watano tulikaa kwenye uwanja wa wanaoanza, tukipanda kwa mkanda na kushuka mita chache, tena na tena. Baba mwenye kujua skii alishuka kilima cha watoto asubuhi nzima. Kijana alinung'unika kidogo, kisha akagundua anaweza kushuka kinyumenyume. Baada ya muda binti alimshika mdogo wake wa miaka 4 mikono yote miwili, akawa anarudi nyuma mbele yake, anamwambia, "Pizza. Pizza. Pizza kubwa."

Hakupanda kiti tena. Alirudi Unguja hajawahi kushuka mteremko hata mmoja wa maana. Hatukuandikieni hapa ili tuseme mwisho alishinda khofu yake. Hakuishinda, na hakuna aliyemtaka aishinde.

Tunachotaka mkichukue

Mnapopanga safari ya skii na watoto wanaoanza, mtasoma mengi kuhusu mlima upi una miteremko mingi. Msianzie hapo. Anzieni kwa yule mdogo, au yule mwoga, au yule ambaye hawezi kukwambieni "sitaki". Hoteli iwe karibu na uwanja wake. Ratiba iwe ya nguvu zake. Kadi za kupanda viti msinunue za siku nyingi mpaka mwalimu aseme. Na mwalimu akisema "bado", neno limekwisha.

Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanaosalisha watu wasirefushe sala, kwa kuwa nyuma yao wamo wadhaifu, wagonjwa na wazee. Tunalijua hili tangu chuoni. Tulidhani linahusu mihrabu tu. Ikiwa kwenye sala yenyewe imamu anamwangalia aliye dhaifu nyuma yake, vipi kwenye mchezo?

Na kwenu mabiharusi mtakaoingia nyumba yenye mtoto tayari: msiharakishe picha. Mapenzi ya mtoto yule yana mwendo wake, na mama yake si mshindani wenu. Mkiahidi kitu kwake, kiwekeni. Mkikivunja, semeni kabla hajasikia kwengine. Ni aibu, tumeionja, lakini inapita.

Tulipomrudisha binti kwao, mama yake alitufungulia mlango, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehesabu mzigo bandarini. Kisha akatukaribisha chai. Tulikaa palepale tulipokaa mwanzo. Binti alikuwa anasimulia kwa haraka: birika ndani ya msikiti, boti iliyofutwa, soksi mbili mbili. Alipofika kwenye kiti cha juu alisita, akatutazama.

"Hiyo naijua," mama yake akasema. "Endelea."

Allah atusamehe tulipoteleza, awahifadhi watoto wetu safarini na nyumbani, na atujaalie wenye kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.